Wafungulieni mlango watu wenye risasi zilizojazwa nyumbani: barua ya wazi kwa wenye mamlaka Zanzibar

Kwa Mheshimiwa Kamishna wa Polisi Zanzibar,
Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa na Wilaya wa Unguja na Pemba,
Viongozi wa idara inayosimamia misitu na wanyamapori,
Na masheha wetu wote.

Waheshimiwa, Assalaam alaykum.

Kuna jambo ambalo huku mashamba kila mtu analijua, na likitajwa mbele ya mkubwa kila mtu analikana. Watu wanajaza upya maganda ya risasi. Wanajaza bandani, chini ya mwembe, hata jikoni kando ya moto wa kuni, kwa vifaa vya kubahatisha, kisha wanazitia kwenye bunduki na kwenda nazo msituni pamoja na watoto wa wenzao. Naliandika hadharani kwa sababu kulisema kwa kunong'ona hakujasaidia, na kwa sababu ninachokiomba kinahitaji neno lenu. Langu halitoshi.

Mimi ni fundi wa silaha. Kazi hiyo ndiyo niliyoifanya mpaka nikastaafu, kisha nikarudi kijijini kwetu, Wilaya ya Kusini Unguja, kwenye nchi ya maweni. Huku usasi ulikuwepo kabla ya baba yangu: mbwa, nyavu, mikuki, na kwa wachache bunduki ya marisau, zile chembe za risasi zinazotawanyika, au gobore la kurithi. Wasasi wetu wanafuata nguruwe wanaofukua mihogo na kima wanaomaliza mahindi. Aliyelima maweni, akachimba shimo moja moja kwenye jiwe ili apate pa kupanda, akaamka asubuhi akakuta shamba limepinduliwa, huyo haelezwi kwa nini jirani yake anamiliki bunduki.

Kwa kuwa watu wanajua nilikuwa nani, hunifuata nyumbani baada ya sala ya Isha. Hawaji na maneno mengi. "Mzee, hebu niangalizie hii," na kitu kimefungwa kwenye kanga kuukuu. Mara nyingine ni bunduki ambayo haivunjiki vizuri ikafunguka. Mara nyingine ni risasi.

Niwaeleze moja ili muione kama nilivyoiona. Ganda la plastiki jekundu, la namba 12 (namba hiyo ni kipimo cha upana wa mtutu), limepauka ubavuni kwa kupigwa mara nyingi. Mdomo, ambao kiwandani hukunjwa kwa mashine ukafunga sawasawa, umezibwa kwa nta ya mshumaa, na katika nta alama ya kidole gumba cha aliyeziba bado inaonekana. Shaba ya kitako ina ufa mwembamba unaopita chini ya ukingo. Fataki pale katikati, inayowasha baruti ikigongwa, si mpya, ni ya zamani iliyofufuliwa. Nilipoitikisa nikasikia marisau yanacheza ndani, maana yake kizibo cha kati, kile kinachotenganisha baruti na marisau, ama hakikukaa ama hakipo. Aliyeniletea aliniuliza kama itapiga. Nikamwambia huenda ikapiga, na hapo ndipo penye hatari.

Waheshimiwa, mtu asiyewahi kuifanya kazi hii hudhani risasi ni kikopo cha baruti: ukitia zaidi inapiga mbali zaidi, ukitia pungufu inapiga karibu. Mambo hayako hivyo. Kwa bunduki ya kawaida ya namba 12, kipimo cha Ulaya kinaweka kikomo cha mgandamizo ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, kuwa baa 740. Gurudumu la gari dogo lina baa mbili na kitu. Nguvu hiyo yote inashikiliwa na ukuta wa chuma usiozidi unene wa milimita chache, sentimita chache kutoka kwenye uso wa mtu, na mkono wake wa kushoto uko chini yake. Kinachoamua kama nguvu hiyo itabaki ndani ya kikomo ni aina ya baruti, uzito wake, uzito wa marisau, namna kizibo kilivyokaa na namna mdomo ulivyofungwa. Badilisha kimoja na vyote vimebadilika.

Aina ya baruti ndiyo inayoniogopesha kuliko yote. Iko baruti nyeusi, ya zamani, ya gobore, inayotoa moshi mzito na harufu ya kiberiti. Iko baruti isiyo na moshi, ambayo Mfaransa Paul Vieille aliitengeneza mwaka 1884, na ambayo ndiyo inayotumika kwenye risasi za kiwandani za leo. Hiyo ya pili ina nguvu kubwa zaidi kwa ujazo uleule. Mtu akizoea kupima gobore lake kwa kizibo cha soda kwa baruti nyeusi, kisha siku moja akafungua risasi za kiwandani, akamimina zile chembe na kupima kwa kizibo kilekile, ametengeneza bomu na kuliweka begani. Na hizi zisizo na moshi nazo si moja. Zipo za kuungua haraka na za kuungua polepole, na kwa macho zinafanana. Chembe za kijivu zilizotolewa kwenye risasi ya aina moja na chembe za kijivu za risasi nyingine, zikichanganywa kwenye kopo moja la maziwa ya unga, hakuna fundi duniani atakayekwambia mchanganyiko ule utafanya nini. Nimeliona kopo kama hilo. Lilikuwa juu ya kabati, karibu na dawa ya mbu.

Sitaandika hapa kipimo chochote wala namna ya kufanya. Barua hii isije ikageuka somo la kujaza.

Najua mtu atasema kwamba Marekani na Ulaya watu wanajaza risasi zao wenyewe majumbani na hakuna anayewasumbua. Ni kweli wapo, na sheria zao zinawaruhusu. Lakini aulizwe huyo msemaji kilichopo juu ya meza zao. Kuna mizani inayopima chini ya sehemu ya mia ya gramu. Kuna vitabu vya viwanda vya baruti vinavyotaja, kwa kila aina ya baruti, ganda gani, fataki gani, kizibo gani na uzito gani usiopitwa. Kanuni yao ya kwanza ni kwamba aina moja tu ya baruti ndiyo ikae mezani kwa wakati mmoja, ndani ya chombo ilichonunuliwa nacho. Na pamoja na yote hayo, mitutu inapasuka huko pia: mtu ameitwa mlangoni, amerudi, ametia baruti mara ya pili kwenye ganda lililokwisha tiwa. Sisi huku hatuna hata hiyo mizani.

Iko hatari nyingine ambayo watu hawaijui kabisa, kwa sababu inaanza kwa kimya. Risasi iliyotiwa baruti kidogo au baruti iliyoshika unyevu haipigi kwa kishindo. Inatoa sauti ndogo, "puf", na kizibo kinasukumwa kikaishia katikati ya mtutu. Msasi anaona imegoma. Nguruwe yuko mbele yake, mbwa wanabweka, wenzake wanampigia kelele. Anafungua, anatoa ganda, anatia lingine, anapiga. Safari hii risasi ni nzima na mtutu umezibwa. Chuma hakina pa kwenda ila kupasuka. Dawa yake ni nusu dakika tu ya kuchungulia mtutu upande wa chemba baada ya kuhakikisha bunduki ni tupu. Lakini hakuna aliyewahi kuwafundisha.

Vilevile risasi ya namba 20 ikiingia kimakosa kwenye bunduki ya namba 12. Haikai kwenye chemba. Inateleza mbele na kukwama, na mtu akichungulia kwa haraka anaona chemba tupu, anatia ya namba 12 nyuma yake. Viwanda vimeweka desturi ya kutengeneza namba 20 kwa rangi ya njano ili mtu asichanganye hata gizani kidogo. Huku kwetu, ambako maganda yanaokotwa, yanaombwa na kurithiwa, yakapakwa rangi ya mlango ili yasiingie maji, njano ile imepotea na maana yake imepotea nayo.

Na bunduki zenyewe. Nyingi ya nilizozishika hapa kijijini ni za Kiingereza, za enzi za ukoloni, zilizotoka kwa babu kwenda kwa baba kwenda kwa mjukuu. Chini ya mtutu utakuta mihuri midogo. Birmingham kuna nyumba ya kujaribia silaha tangu mwaka 1813: mtutu hupigwa risasi ya majaribio yenye nguvu kuliko ya kawaida, na ukisalimika ndipo hugongwa muhuri. Wenyewe huonyesha mihuri ile kwa fahari, na ni haki yao. Ila muhuri unasema habari za mtutu siku ulipotoka kule. Hausemi lolote juu ya miaka yote ya hewa ya bahari, ya kuhifadhiwa darini chini ya makuti yanayovuja, ya baruti nyeusi iliyopigwa na mtutu usioshwe. Masalia ya baruti nyeusi yanavuta unyevu, na unyevu wetu una chumvi. Nimetia taa kwenye mtutu ambao kwa nje uling'aa kwa mafuta ya nazi, na ndani ulikuwa umeliwa. Tena baadhi ya bunduki hizo zina chemba fupi, ya milimita 65, na risasi zinazopatikana leo ni za milimita 70. Inaingia bila shida yoyote. Inapopigwa, mdomo wake hauna nafasi ya kufunguka sawasawa, na mgandamizo unapanda.

Kuna mambo ya nyumbani ambayo nayo yanatisha. Fataki zikikusanywa kwenye chupa au mkebe, moja ikiripuka zinaripuka zote kwa pamoja, na kioo cha chupa kinageuka vipande vya kuua. Ndiyo maana kiwandani hupangwa kila moja kwenye kitundu chake. Baruti iliyolowa huanikwa juani juu ya bati, au husogezwa karibu na jiko ikauke, watoto wakiwa wanapita. Marisau nayo yanayeyushwa kutoka kwenye betri mbovu za gari na vyuma vya kuzamishia nyavu, kwenye sufuria, na baada ya hapo sufuria ile hurudi jikoni. Shirika la Afya Duniani limeshasema hakuna kiwango cha madini ya risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo, akili zao na ukuaji wao. Na tone moja la maji, hata la jasho, likianguka ndani ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke kwa mara moja na kuirusha usoni mwa aliye karibu.

Sasa niseme la kijana mmoja. Sitamtaja wala sitataja kijiji chake. Mtutu ulipasuka mkononi, mbele ya chemba, pale pale panaposhikwa na mkono wa kushoto. Nilipoitwa nilikuta wamefunga mkono kwa kitambaa na kutia unga wa kahawa na majivu. Vidole viwili havikuwepo, cha tatu kilishikiliwa na ngozi. Ilikuwa siku ya pili tangu ajali. Siku ya pili, waheshimiwa, na hospitali haikuwa mbali. Nikauliza kwa nini. Mama yake akasema: "Tukimpeleka wataulizia PF3, na tukenda kuchukua PF3 wataulizia bunduki." PF3 ni ile fomu ya polisi anayopewa majeruhi. Akawa anamfuta jasho mwanawe kwa upande wa kanga na kunitazama kama mimi ndiye nitakayeamua.

Tulimpeleka. Mkono ulinusurika, vidole havikurudi. Alikuwa mkwezi wa minazi, na mkwezi ni mikono. Lakini jibu la yule mama ndilo lililonifanya niandike. Mtutu ulimjeruhi kijana. Hofu ndiyo iliyotaka kumuua. Na hofu hiyohiyo ndiyo inayofanya makopo ya baruti yabaki juu ya makabati, maganda yenye nyufa yazidi kujazwa, na bunduki zilizooza ndani zisipelekwe kukaguliwa na mtu yeyote ila mzee mstaafu, usiku, kwenye kanga.

Wapo watakaojibu upesi: wakamatwe wote. Nawaelewa. Nimeitumikia sheria na siiombei ilegezwe. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kibali kwa anayemiliki silaha na kwa anayetengeneza risasi, na ni sawa kabisa. Na Sheria Namba 10 ya mwaka 1996 ya hapa Zanzibar inalinda misitu na wanyama wake, wakiwemo paa nunga na kima punju ambao hakuna msasi mwenye haki ya kuwagusa. Anayejaza risasi ili auze, au ili afanyie uhalifu, huyo akamatwe leo. Mimi nazungumzia mtu mwenye bunduki ya halali, mwenye shamba linaloliwa, ambaye risasi za dukani ama hazimfikii ama bei yake inamshinda, akaona jirani anajaza naye akajaza. Ukimvizia huyu, utampata mmoja na kumi watachimba mashimo zaidi ya kufichia. Baruti iliyofukiwa kwenye shimo la maweni, kwenye mvuke na joto la kwetu, inaharibika, na ikiharibika haiwi salama zaidi.

Mnajua wenyewe yaliyotokea upande wa pili wa bahari. Mbagala, Aprili 29, 2009. Gongo la Mboto, Februari 16, 2011. Yale yalikuwa maghala ya jeshi, yenye walinzi na wataalamu, na bado yaliripuka, watu wakafa na nyumba zikabomoka. Silinganishi ghala na kopo la maziwa. Nasema tu kwamba vitu hivi havisamehe mahali popote vinapowekwa vibaya, hata penye wataalamu, sembuse juu ya kabati.

Ombi langu kubwa ni moja: wekeni siku na mahali pa kusalimisha risasi zilizojazwa nyumbani, baruti, fataki na maganda mabovu, katika kila wilaya ya Unguja na Pemba, na mtamke hadharani, kwa redio na kwa masheha, kwamba anayeleta hatashitakiwa kwa alicholeta siku hizo. Misamaha ya kusalimisha silaha kwa hiari imekwisha tangazwa nchini miaka ya karibuni, kwa hiyo si jambo geni. Ila misamaha ile watu wa huku waliisikia kuwa ni ya bunduki za wahalifu. Hakuna aliyedhani inamhusu yeye na kopo lake. Itajwe kwa majina: baruti, fataki, maganda. Na tafadhali wasiambiwe wabebe vitu hivyo kwenye daladala. Fundi aende kwao, au kwa sheha, na sanduku la mchanga na gari lake.

Siku hiyohiyo bunduki za halali zikaguliwe. Fundi mmoja mwenye taa na vipimo vya chemba anaweza kuangalia nyingi kwa asubuhi moja. Ile iliyoliwa ndani mwenyewe aambiwe kweli: hii isipigwe tena. Tena isiwe kwa kunyang'anywa kimya kimya, maana akiona bunduki ya jirani imeondoka bila maelezo, wa pili hataleta ya kwake. Kibali kinapofanyiwa upya, karatasi zinakaguliwa. Chuma nacho kikaguliwe.

Halafu kuna suala la risasi halali, na hapa naomba idara ya misitu na viongozi wa wilaya wakae pamoja na polisi. Serikali ikikubali kwamba mkulima fulani anahitaji bunduki kulinda shamba, basi kuwe na njia ya yeye kupata risasi chache za kiwandani, za namba na urefu unaofaa bunduki yake, zikiandikwa kwenye kitabu, na maganda matupu akiyarudisha ndipo apewe nyingine. Ganda lililorudishwa halijazwi. Hili peke yake lingemaliza nusu ya habari.

Mafunzo nayo yanahitajika, na hapa sizungumzii kujaza tu. Msako wa huku si kama mtu kukaa peke yake kwenye uwanja wa shabaha. Ni watu wengi na mbwa, wengine wanapiga kelele kuwatoa wanyama, wengine wamekaa kwenye njia wanasubiri, na kati yao vichaka ambavyo huoni hatua kumi mbele. Marisau madogo yanaweza kufika zaidi ya mita 200; yale makubwa ya nguruwe zaidi ya mita 600. Ndani ya mita hizo kuna mwanamke anayekata kuni, watoto wanaotafuta zambarau, mtu anayekatiza kwenda pwani kwenye mwani wake. Na ardhi yetu ni jiwe. Marisau yakipiga mchanga yanazama, yakipiga jiwe la maweni yanadunda na kwenda upande ambao hakuna aliyeukusudia. Nimewaona wasasi wanaopiga chini, kwa mnyama anayepita, wakiamini kwamba kupiga chini ni salama.

Wafundishwe mambo machache, wayashike kabla ya kupewa kibali au kukifanya upya. Kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi mpaka uifungue mwenyewe na uone. Mdomo wa mtutu usielekee kwa mtu hata kwa mzaha, hata ukiwa mtupu. Kidole kikae nje ya mtambo mpaka umemwona mnyama mzima. Kutikisika kwa kichaka si mnyama. Ujue kilichopo nyuma ya unachokipiga. Risasi ikigoma, mtutu ubaki umeelekezwa mahali salama kwa nusu dakika kamili kabla ya kuufungua, maana fataki mbovu inaweza kuchelewa na kuwasha baruti baadaye. Kwa gobore subira iwe ndefu zaidi. Kabla ya msako sheha apewe habari, naye awatangazie wanaokwenda kuni na shamba upande ule. Wasasi wavae kitambaa cha rangi kali kichwani. Na kupiga usiku kwa kurunzi kuachwe kabisa, kwa sababu usiku macho mawili yanayong'aa hayakwambii ni ya nani.

Hayo hayataki bajeti kubwa. Asubuhi moja kwenye skuli, fundi mmoja, bunduki moja isiyo na risasi, na muuguzi wa kuwafundisha namna ya kufunga jeraha linalovuja damu kwa kitambaa safi na kukandamiza, badala ya kahawa na majivu.

La PF3 naliomba kwa unyenyekevu lakini kwa msisitizo. Itamkwe, na wananchi wasikie kutoka kinywani mwenu, kwamba aliyejeruhiwa na bunduki au baruti apelekwe hospitali kwanza, na maelezo yatafuata. Kwa ndugu zetu wa Pemba hili ni zito zaidi. Kutoka vijiji vya Micheweni hadi Hospitali ya Abdulla Mzee kule Mkoani ni kuvuka karibu kisiwa kizima. Mtu wa namna hiyo hana saa za kupoteza akijadiliana na jamaa zake kama aende au asiende.

Na Pemba hiyohiyo ndiyo inayonipa moyo. Wazee wa kule wanakumbuka jinsi popo wa Pemba, ambaye hapatikani popote pengine duniani, alivyokuwa akipigwa kwa bunduki za marisau kwenye miti anayolala, mpaka kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 wakakaribia kutoweka. Hawakuokolewa kwa kufukuzana na wawindaji peke yake. Watu wa idara ya misitu walikaa na wanavijiji, vikaundwa vikundi vya kuwalinda, Kidike kukawa mahali pa wageni kwenda kuwatazama, na katika miaka ya 2000 popo wale wakakadiriwa kufika karibu 20,000. Waliozizima zile bunduki walikuwa wenyewe wenye bunduki, baada ya kuketishwa na kusikilizwa. Kama iliwezekana kwa ajili ya popo, nani atasema haiwezekani kwa ajili ya vidole vya vijana wetu?

Waheshimiwa, msimu wa kusaka unaendelea, na tangu nilipoanza kuiandika barua hii nimeletewa maganda mengine yaliyojazwa. Nimekataa kuyarudisha na sina mahali halali pa kuyapeleka bila kumtaja aliyeyaleta kwa kuniamini. Naomba mnipe mahali hapo. Mkiweka siku, mimi niko tayari kukaa mezani bila malipo, katika wilaya yoyote ya Unguja, na Pemba nikipewa nauli ya boti. Taa yangu na vipimo vyangu vya chemba ninavyo. Masheha wa Kusini wanaijua nyumba yangu.

Wasalaam,
Fundi wa silaha mstaafu,
Wilaya ya Kusini, Unguja